Kupanda mti si kazi, kazi ni kuulea

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Walikuwa na mwana akilini, lakini mja akiyatafakari maneno yao kwa makini ataona kwamba yanauhusu mche wa mti vilevile. Kuutia mche ardhini ni kazi ya dakika chache, na aghalabu hufanywa kwa nyimbo, hotuba na picha. Kuulea hadi uweze kujitegemea ni kazi ya miaka miwili au mitatu isiyo na wimbo wala mpiga picha. Sisi Wakenya tumehitimu barabara katika kazi ya kwanza. Katika hii ya pili tungali tunasuasua, na hapo ndipo jasho letu linapokwenda bure.

Hebu tuanze na hesabu, kwa kuwa ndizo zinazotajwa sana. Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, kwa shabaha ya kuifanya miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko, na kila raia akaombwa apande angalau miche miwili ili nchi nzima itimize miche milioni 100. Tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko kuwaua watu zaidi ya 200, taifa lilipewa siku nyingine ya mapumziko, ya kuwaomboleza marehemu na kupanda miti. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali ifanye juhudi za kufikia na kudumisha kiwango cha miti kisichopungua asilimia 10 ya ardhi ya nchi.

Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Kutoka 12 hadi 30 ni safari ndefu. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu kuwa watu milioni 47.6. Ukiigawanya miti bilioni 15 kwa idadi hiyo, kila Mkenya, akiwemo mtoto anayenyonya na ajuza asiyeinuka kitandani, anadaiwa miti zaidi ya 300. Sisemi kwamba shabaha hiyo ni ya kubezwa. Nasema tu kwamba hesabu yenyewe ina kasoro moja ambayo mwalimu yeyote wa lugha ataigundua mara moja, nayo ni kitenzi chake. Kitenzi hicho ni kupanda. Hatujawahi kupewa sikukuu ya kumwagilia maji, wala ya kupalilia. Programu ya simu iitwayo JazaMiti iliundwa ili miti inayopandwa iandikishwe, na hilo ni jema. Lakini simu haimwagilii mche maji. Mche uliopandwa Novemba na kukauka Februari waweza kubaki daftarini ukiwa mti, na mwaka unaofuata mwenzake ukatiwa katika shimo lilelile na kuandikwa kuwa mti wa pili. Kwa njia hii taifa laweza kupanda mabilioni na lisipate kivuli.

Naandika haya nikiwa mkazi wa Komarock, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, na ningependa msomaji alitazame jambo hili akiwa amesimama hapa nami. Mtaa wetu uliinuka katika miaka ya 1980 na 1990, jirani na Kayole, ukachukua jina la kilima kilicho mbele zaidi, katika Machakos, kando ya barabara ya Kangundo. Nyumba zilijengwa katika viwanja vidogo, kisha wenyewe wakaongeza vyumba na ghorofa mpaka ukuta ukagusana na ukuta. Nafasi ya mti ikabaki mahali patatu tu: kando ya barabara, katika viwanja vichache vya umma, na ndani ya nyua za shule na nyumba za ibada.

Yafaa tukumbuke kwamba uhaba wa miti katika mitaa ya mashariki haukuletwa na uvivu wa wakazi wake. Wakoloni walipoligawa jiji la Nairobi, walijitengea upande wa magharibi, wenye mvua nyingi zaidi na udongo mwekundu, wakajijengea humo nyumba zenye bustani pana. Mfanyakazi Mwafrika alipelekwa mashariki, akapewa chumba. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa mpango wenye nafasi na miti, ulikuwa miongoni mwa mitaa michache iliyoepuka hali hiyo. Uhuru ulipokuja, ramani hiyo haikubadilika sana. Hata leo, anayesafiri kutoka Lavington hadi Komarock huhisi jua likizidi kumkaribia utosini.

Kisha kuna udongo wenyewe. Wetu ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, huvimba na kutuamisha maji, ukamvua mpita njia viatu. Kiangazi kikija, hukauka na kupasuka nyufa pana, na nyufa hizo hukata mizizi michanga na kuiacha wazi kwa hewa kavu. Ndiyo maana mche uliopandwa Limuru waweza kusahauliwa na mwenyewe na bado ukaishi, ilhali mche wa aina ileile ukisahauliwa Komarock kwa miezi miwili ya kiangazi, huwa umekwisha. Sherehe ni zilezile, hotuba ni zilezile, na pengine hata kitalu ilikotoka miche ni kilekile. Tofauti huletwa na ulezi.

Jambo hili si geni katika upande huu wa jiji. Tarehe 5 Juni 1977, katika Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walifanya maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti 7 kwa heshima ya viongozi 7 marehemu wa jamii mbalimbali za Kenya, miongoni mwao Waiyaki wa Hinga na Nabongo Mumia. Hapo ndipo vuguvugu la ukanda wa kijani, lijulikanalo kama Green Belt Movement, lilipozaliwa. Vuguvugu hilo liliendelea kupanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 mwanzilishi wake akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini ile miti 7 ya Kamukunji iliishia wapi? Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2006, Maathai alieleza kwamba ni miwili tu iliyosalia.

Miwili kati ya 7! Ikiwa miti iliyopandwa hadharani, kwa heshima ya mashujaa, na mikono ya watu waliojitolea kwa dhati, haikufika hata nusu, itakuwaje ile iliyopandwa na umati uliokuja kupigwa picha ukaondoka? Mimi siioni idadi hiyo kuwa aibu ya Kamukunji. Naiona kuwa somo la kwanza la vuguvugu lile, na ushahidi kwamba somo lilieleweka umo katika utaratibu lililoufuata baadaye. Wanawake wa vijijini waliootesha miche na kuigawa walipewa malipo madogo, na malipo hayo yalitolewa kwa mche uliopandwa, ukakaguliwa na kuthibitishwa kuwa hai. Mche uliokufa haukuwa na thamani daftarini. Hapo kitenzi kilikuwa kimebadilika kutoka kupanda hadi kuishi, na tofauti yote ilikuwa humo.

Majirani zetu wa Tanzania wanatupa ushahidi wa pili, tena wenye uzito zaidi. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umefyekwa miti kiasi cha kukaribia kuwa jangwa, kwa sababu ya kutokomeza mbung'o, kilimo cha pamba na wingi wa mifugo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Kilicholeta mafanikio makubwa hakikuwa miche ya vitaluni peke yake. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kulifunga lisiguswe wakati wa masika ili lifae kiangazi. Mradi uliifufua desturi hiyo. Vijiji vikatenga maeneo, mikutano ya jadi iitwayo dagashida ikaweka sheria na kuwatoza faini waliozivunja, na visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua upya. Ngitili zikaenea hadi kufikia hekta zaidi ya 300,000. Watu wa Shinyanga hawakuanza kwa kujiuliza watapanda mingapi. Walianza kwa kujiuliza nani atakilinda kilichopo, kwa sheria gani, na kwa faida ya nani.

Sasa turejee Komarock tujiulize mche hufaje, maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuuganga. Kwa kadiri nilivyoona, hufa kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kuzaliwa vibaya. Shimo huchimbwa siku ileile ya sherehe, kwa pupa, likawa na kina cha kiganja. Mche hutiwa pamoja na karatasi yake ya nailoni, mizizi ikajizungusha humo kama mfungwa katika seli. Katika udongo wetu, shimo linafaa kuchimbwa kabla ya mvua, sentimita 45 au zaidi kwenda chini na kwa upana, udongo wa juu ukatengwa na ule wa chini, kisha ule wa juu ukachanganywa na samadi iliyooza vizuri. Karatasi huondolewa bila kulivunja bonge la udongo lililoshika mizizi, na shina halizikwi zaidi ya kiwango lilichokuwa nacho kitaluni.

Njia ya pili ni kiu. Mvua ya masika hukatika mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na ya vuli huanza katikati ya Oktoba. Hizo ni takriban wiki 18 za ukame. Mche wa mwaka wa kwanza ukipewa lita 5 mara mbili kwa wiki, utahitaji lita 180 katika kipindi hicho, yaani mitungi 9 ya lita 20. Kiangazi kifupi cha Januari hadi katikati ya Machi huongeza mitungi 5 hivi. Kwa hiyo mche mmoja unadai mitungi 14 kwa mwaka. Mtu akiandaa miche 1,000 ya sherehe bila kujua itapata wapi mitungi 14,000, huyo ameandaa kuni.

Njia ya tatu ni meno na miguu. Mbuzi huzurura mitaani, mpira wa vijana huanguka popote, moto wa takataka huwashwa pembeni, na mpita njia hukata kijiti cha kupigia soga. Mche usio na kizimba cha miiba au cha mbao haumalizi mwaka.

Njia ya nne ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa huujia mti uliokwisha kuponea zile tatu. Mwanakandarasi huja kupanua barabara, kuchimba mtaro au kulaza bomba, na mti uliofikisha urefu wa mtu huondolewa kwa siku moja kwa sababu hakuna mahali ulipoandikwa kwamba ni wa mtu. Itakumbukwa kwamba mwaka 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi, mkuyu mkubwa wa Westlands uliokadiriwa kuwa na umri wa karne moja uliponea chupuchupu baada ya wananchi kupiga kelele na Rais Uhuru Kenyatta kuagiza uhifadhiwe. Naam, mti mmoja ulihitaji amri ya Rais ili uishi. Je, mche wa Komarock utamlilia nani?

Ni hapa ninapowageukia walimu na wanafunzi. Katika mtaa kama wetu, shule ndiyo taasisi pekee iliyo na vitu vyote vinavyohitajika kwa pamoja: ardhi iliyozungushiwa ua, mikono mingi, wataalamu wa somo la kilimo na sayansi, na watu wanaorudi mahali palepale kila siku. Tuseme shule ina wanafunzi 900 na imepanda miche 30. Miche hiyo inadai mitungi 420 kwa mwaka, yaani lita 8,400. Ukizigawanya lita hizo kwa wanafunzi wote, hata lita 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka hazifiki. Mzigo unaomshinda mlinzi mmoja wa lango huwa mwepesi kama unyoya unapochukuliwa na shule nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini shule zetu zina kasoro mbili ambazo sharti zitajwe waziwazi.

Ya kwanza ni kalenda. Masika huanza katikati ya Machi, na mapema Aprili shule hufungwa. Agosti, nyufa za udongo zinapokuwa pana na mche unapokata roho, shule hufungwa tena. Miche ya shule hufa likizoni. Basi mpango wowote wa shule usiosema nani atamwagilia maji mwezi Agosti si mpango, ni maombi. Bahati njema ni kwamba wanafunzi wa shule za kutwa huishi hatua chache kutoka lango la shule. Zamu za likizo, nyumba tano tano kwa kila wiki, chini ya mzazi mmoja na kwa idhini ya mwalimu mkuu, zingetosha kabisa.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika shule nyingi nilizozitembelea, mwanafunzi aliyechelewa au aliyezungumza darasani huadhibiwa kwa kubebeshwa ndoo ya maji apeleke kwenye miti, au kwa kupewa jembe. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na inaelekea jembe ndilo lililorithi kiti chake. Tafakari, mwalimu mwenzangu, mtoto huyo anajifunza nini. Asubuhi anafundishwa kwamba mti ni uhai. Adhuhuri anaonyeshwa kwamba kuuhudumia mti ni fedheha inayowafika watundu. Kati ya masomo hayo mawili, lipi litamkaa moyoni? Atakapokuwa mtu mzima atapenda kupanda, kwa kuwa kupanda hufanywa na waheshimiwa, na atachukia kumwagilia maji, kwa kuwa kumwagilia hufanywa na wakosaji. Huenda sehemu ya ugonjwa wa taifa tuliouona katika ile hesabu ya mabilioni huanzia katika adhabu hii ndogo ya shuleni.

Tiba yake haihitaji fedha. Kuutunza mche kufanywe heshima. Vyama vya 4K, ambavyo jina lake ni kifupi cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa rasmi mwaka 2021 baada ya kufifia kwa muda mrefu. Mtaala wa umilisi nao unataka mwanafunzi apimwe kwa yale awezayo kuyatenda. Ni utendaji gani ulio wazi zaidi kuliko mche ulio hai? Gredi moja ikabidhiwe miche kadhaa na kupanda nayo madaraja mwaka hadi mwaka. Wapime urefu wa shina kila mwisho wa mwezi, waandike mvua ilinyesha lini, wachore grafu katika hisabati, waandike insha katika Kiswahili. Mche ukifa, waandike ulikufa lini na kwa nini, bila kuadhibiwa, kwa maana daftari la vifo lililoandikwa kwa ukweli litawafaa zaidi wajao kuliko daftari la sherehe.

Najua kuna watakaoniuliza: iweje tumwagilie miti maji ilhali binadamu wa Komarock wenyewe hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mikokoteni pindi mifereji inapokauka? Swali hili ni la haki. Bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 na ambalo hulipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake, haliwezi kutosheleza jiji linalozidi kupanuka, na mgawo wa maji tumeuzoea. Sitamwambia mama yeyote aunyweshe mti maji ya kupikia. Hata hivyo, maji yaliyooshewa mboga, mchele na vyombo visivyo na mafuta, na maji ya kuoshea mikono shuleni, humwagwa mtaroni kila siku. Maji ya mapaa ya madarasa nayo hupotea msimu mzima wa mvua kwa kukosa tangi na mfereji wa bati. Tena, maji machache yaweza kufanywa mengi: beseni la udongo likizungushwa shinani huyazuia yasikimbie, nyasi kavu zikitandazwa juu huyazuia yasipae, na udongo ukilimwa juujuu nyufa zikaanza kuzibika, mizizi haiachwi wazi. Zaidi ya hayo, busara yataka tupande michache. Shule inayoweza kulea miche 10 isikubali kuletewa 200 na wafadhili.

Uteuzi wa aina ya mti nao ni sehemu ya ulezi. Mgunga wenye gome la manjano huvumilia udongo mweusi unaotuama maji, lakini una miiba na mizizi mipana, kwa hiyo upandwe mbali na kuta na viwanja vya watoto wadogo. Mpera huvumilia mengi na hulipa kwa matunda, na mti unaolisha watoto hupata walinzi bila kuajiri mtu. Mkaratusi hukua haraka ukawapendeza wenye pupa, lakini hunywa maji mengi na haufai karibu na majengo na mabomba. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya KEFRI, iliyoundwa mwaka 1986 na yenye makao makuu Muguga, ipo kwa ajili ya maswali kama haya. Ni afadhali kuuliza kabla ya kuchimba.

Limebaki jambo moja ambalo bila hilo yote niliyoyasema ni kujenga juu ya mchanga. Mti huishi miaka mingi kuliko kiongozi yeyote, kwa hiyo huhitaji ardhi ambayo umiliki wake hautatetereka. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo sehemu za shule na viwanja vya burudani, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata waliokuwa wakipinga kunyakuliwa kwa uwanja wao wa kuchezea walirushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi. Watoto wale walikuwa wakifanya kazi ya watu wazima. Shule isiyo na hatimiliki haina miti, ina wageni wa muda. Kamati za wazazi na bodi za shule zinazojivunia siku ya kupanda miti ziulize kwanza hatimiliki iko wapi, na mipaka ya shule ilipimwa lini. Kisha miti ya kwanza ipandwe mpakani. Mstari wa miti iliyokomaa, inayojulikana na kila mzazi aliyepata kuimwagilia maji alipokuwa mwanafunzi, ni ukuta ambao mnyakuzi atauogopa kuliko ule wa mawe, kwa kuwa una mashahidi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wakuu, wa Komarock na wa kwingineko, ni dogo na halina gharama. Kila mwaka, mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Oktoba, kiangazi kinapokuwa kimefanya maovu yake yote na mvua ya vuli haijaanza kuyaficha, wanafunzi waihesabu miti ya shule yao. Idadi iliyo hai iandikwe ubaoni karibu na lango, kando ya idadi iliyopandwa. Isomwe mbele ya wazazi kama yanavyosomwa matokeo ya mitihani. Na mgeni wa heshima atakapokuja na miche yake na wapiga picha wake, apokelewe kwa taadhima zote, aonyeshwe ubao huo, kisha aulizwe na mwanafunzi mdogo kuliko wote: huu wako, mheshimiwa, atakuja nani kuunywesha mwezi wa Agosti?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mti mkubwa unaompa mpita njia kivuli katika mitaa yetu ya mashariki ulipata mtu aliyeukumbuka siku ambayo hapakuwa na sherehe. Watu wa aina hiyo ndio wanaohitajika Komarock kuliko miche, na hakuna kitalu kingine cha kuwaotesha isipokuwa shule.